Utepe Uliobaki Pale Pale

Kitabu cha ibada cha kanisa letu kilikuja na tepe tatu. Wa kijani ulinyofoka zamani, mweupe uliliwa na panya pamoja na ncha ya jalada, ukabaki mwekundu peke yake. Huo mwekundu niliutunza mimi kwa miaka tisa.

Kazi yangu kanisani ilikuwa ya maji na pasi. Nilifua vitambaa vya meza ya Bwana, nikavianika nyuma ya ofisi ambako kuku wa jirani hawafiki, nikavipiga pasi vikiwa bado na unyevu kidogo, maana vikikauka kabisa mikunjo yake inakuwa mikaidi. Waliniita Mama Vitambaa, hata watu wasiojua kama nina jina lingine.

Nikimaliza vitambaa, naweka utepe. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Ilikuwa siku moja tu, Mchungaji bado mgeni kwetu na bado ana nywele, akahangaika kutafuta ukurasa wa ndoa mbele ya bibi harusi. Akafungua, akarudi nyuma, akalamba kidole, mpaka bwana harusi akaanza kutokwa jasho akidhani ni dalili mbaya. Tangu hapo kila Jumamosi nilimwuliza, "Kesho nini, Mchungaji?" Akisema ubatizo, naweka kwenye ubatizo. Akisema meza ya Bwana, naweka huko. Yeye hakutafuta tena. Alifika, akashika utepe, akafungua, akasoma. Tulikuwa kama watu wawili waliobeba kabati moja. Humwulizi mwenzako kama ameshika. Unatembea tu.

Halafu ukaja mwaka wa homa.

Nikiukumbuka, hauji kama mwaka. Unakuja kama alasiri moja ndefu ambayo jua lake limesahau kushuka. Watu wanapita ndani yake polepole, wamejifunga vitambaa mdomoni, na kila anayekuja kwenye mlango wa Mchungaji ameinamisha kichwa namna ile ile, kiasi kwamba kabla hajasema ni nani, umeshajua ni nini. Ibada za Jumapili zilifungwa miezi minne. Maziko hayakufungwa.

Mume wangu aliondoka wiki za mwanzo, tulipokuwa bado tunajua kulia. Baadaye tulikuwa tunasimama tu. Siku moja tulizika watatu kati ya asubuhi na chakula cha mchana, na nilipofika nyumbani nikanawa mikono sikuweza kukumbuka ni yupi niliyemtupia udongo na yupi niliyempita.

Mzee mmoja wa kanisa letu ni seremala. Zamani alitengeneza vitanda na madawati. Mwaka ule alitengeneza kitu kimoja tu, na watu wakampachika jina la Fundi Vipimo, kwa sababu alizoea kukutazama kutoka utosini hadi kwenye nyayo kabla hajakusalimia.

"Usinitazame hivyo, wewe baba," mama mmoja wa kwaya alimwambia. "Mimi bado nina sufuria motoni."

Tulicheka siku hiyo. Nadhani ndiyo siku pekee.

Mchungaji aliwazika wote. Wako wachungaji waliokwenda kukaa kwa ndugu zao mbali, na simlaumu mtu. Wetu hakwenda. Alikonda mpaka kola ikawa inamzunguka shingoni kama bangili, nikaipunguza kwa sindano mara mbili. Sikuwahi kumwona akilia. Hata alipomzika mlezi wake aliyemsomesha, alifunga kitabu, akanipa, akauliza, "Kesho nani?" Zamani mimi ndiye niliyekuwa nauliza, tena nilikuwa nauliza kesho nini.

Na utepe? Utepe haukuhama. Mwanzoni nilikuwa nauhamishia kwenye sala za Jumapili, kwa heshima tu, usije ukazoea. Baadaye nikaacha. Niuhamishe leo wa nini, ikiwa kesho asubuhi naurudisha? Karatasi za ukurasa ule wa maziko zililainika kama kitambaa cha zamani, na kitabu chenyewe ukikiweka mezani kilijifungua hapo bila kuguswa, kama mlango wa nyumba ambayo watu wanaingia na kutoka mchana kutwa.

Homa ikapungua, kisha siku moja hatukuisikia tena. Makanisa yakafunguliwa. Tulirudi tukakaa mbalimbali, tukiwa na nafasi nyingi kuliko watu, na jua la asubuhi likaingia kwa madirisha ya juu likakaa kwenye viti vitupu kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Ubatizo wa kwanza baada ya homa ulikuwa wa mjukuu wangu. Alizaliwa katikati ya mambo hayo, na mama yake, mkwe wangu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amemfungia ndani miezi sita asipulizwe na mtu. Mwanangu yuko kwenye malori, hurudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mtoto alikuwa wetu sisi wawili. Tulikuwa tumekubaliana apewe jina la mama yangu mzazi.

Jumamosi Mchungaji alisimama mlangoni pa ofisi akijaribu kutabasamu. "Mama, kesho ubatizo."

"Mimi ndiye bibi wa mtoto," nikamjibu. "Utaniambia nini wewe?"

Nikaenda nyumbani kupiga pasi gauni lake. Gauni jeupe, refu mara mbili ya mtoto mwenyewe, lenye marinda madogo kifuani ambayo mkwe wangu aliyashona kwa mkono. Nilitumia alasiri nzima kwenye marinda yale. Niliimba. Nilikuwa sijaimba nikipiga pasi tangu mume wangu alipoondoka. Na Jumapili nilivaa viatu vyangu vya kubana, nikaingia kwa mlango wa mbele kama bibi wa mtoto, nikaketi kiti cha mbele. Sikupita kwenye chumba cha nyuma. Kitabu sikukigusa.

Mchungaji alichukua mtoto. Akashika utepe, akafungua. Akachota maji kwa kiganja, akayainua, jua likapita ndani ya matone, na sauti yake ikaanza, ile sauti ya taratibu tuliyoizoea sote. Nami nilikuwa nimefumba macho kwa raha. Sauti ilinipitia kama maji ya uvuguvugu. Ilikuwa imesema sana kabla sijasikia ilichosema.

"...na sasa tunamrudisha dada yetu huyu udongoni," akalitaja jina la mama yangu, "tukingoja siku ile atakapoitwa."

Akammwagia maji.

Na sisi tukaitika, "Amina."

Kanisa zima. Hata mimi. Na kama hiyo haitoshi, watatu wa kwaya waliinuka wakaanza ule wimbo wa kuondokea makaburini, na sauti ya pili ikajiunga vizuri kabisa. Mstari mmoja waliumaliza. Ndipo mkwe wangu alipopiga ukelele, akamnyakua mtoto mikononi mwa Mchungaji, gauni likaburutika kwenye bakuli la maji, naye akatoka mbio kwa mlango wa pembeni.

Nilifungua macho. Mchungaji alikuwa bado ameshika mikono namna ya kumbeba mtu. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake, na utepe mwekundu ulining'inia ukingoni mwa meza, ukicheza kidogo kwa upepo wa mlango.

Hapo nilijua. Wengine hawakujua.

Nyumbani mkwe wangu alikuwa amemvua mtoto gauni, amemfunga kwa shuka, anamtazama.

"Mama, mwanangu amezikwa yuko hai."

"Usiseme hivyo, binti yangu. Ni ulimi umeteleza."

"Ulimi hautelezi sala nzima! Amemtaja jina. Amemtaja kabisa!" Mtoto akapiga chafya, naye akamkazia macho kama anayehesabu pumzi. "Unaona? Unaona lakini?"

"Ni maji. Amelowa."

"Yule amechanganyikiwa. Waseme wazee, aondolewe. Hatanigusia tena mtoto." Kisha akanigeukia. "Na wewe ulikuwa mbele pale, macho yako hayapitwi na kitu. Hukuona kitu?"

Nilikunja lile gauni lenye maji. Nikalikunja tena. "Sikuona," nikasema. Nina umri wa kujua uongo ulivyo mzito, na ule ulikuwa mzito kuliko ndoo.

Jumanne nilipeleka vitambaa. Mchungaji alikuwa ameketi chumba cha nyuma, madirisha wazi, karatasi mbele yake. Mwanga wa saa nne asubuhi ulikuwa umejaa vumbi, na yeye alikuwa ndani ya mwanga huo kama mtu aliye chini ya maji.

"Mama," akasema, "umewahi kusikia sauti yako kama inatoka chumba cha pili?"

"Nikiwa na homa, ndiyo."

"Mimi sina homa. Lakini Jumapili niliisikia hivyo. Nilisikia mtu anazika. Nikasema moyoni, masikini, leo ni nani tena? Nikamhurumia. Ndipo mama wa mtoto akapiga kelele, nikaona kumbe ni mimi."

Niliweka vitambaa kabatini, kimoja juu ya kimoja.

"Nimewaandikia wazee," akaendelea. "Alhamisi watakaa. Naiweka kazi chini. Nilimwuliza Mungu, umenichukulia kinywa? Mwaka mzima nimekitumia kuzika, labda kimekwisha, kama sabuni." Akacheka kidogo, bila kufungua mdomo. "Mchungaji asiyejua kama anabatiza au anazika, anawachunga akina nani?"

Kitabu kilikuwa mezani kati yetu, kimefungwa, utepe umetokeza nje kwa chini kama ulimi. Ningeweza kusema pale pale. Maneno yenyewe ni machache, ni mimi niliyesahau kuuhamisha. Lakini moyoni nilimwona mkwe wangu akimfunga mtoto mgongoni na kuondoka kwangu bila kuaga. Niliona ule ufunguo wa chumba cha nyuma, ulioning'inia kiunoni mwangu miaka tisa, ukipewa mwingine. Nilikuwa nimebaki na vitu hivyo viwili tu, mtoto yule na ufunguo ule.

"Upumzike, Mchungaji," nikasema. Nikatoka.

Alasiri ile usingizi ulinichukua kwenye mkeka. Nilimwona mume wangu amechuchumaa kwenye beseni langu, mikono imezama hadi viwiko, anafua utepe. Maji yalikuwa mekundu na utepe haukuisha. Aliukamua, akauvuta, ukawa unakuja tu, mrefu kama njia. Hakuwa na haraka. Aliinua uso akaniuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Kesho nini, mama watoto?" Nikatafuta jibu. Nilipoamka mdomo ulikuwa wazi na mikono yangu ilinuka sabuni.

Alhamisi nilipika chai ya wazee, kama kawaida. Ofisi ya kanisa ina meza moja, viti saba, na kabati lisilofunga. Wazee watano walikuwepo. Mkwe wangu aliitwa aseme lake, akakaa karibu na mlango, mtoto mapajani, mzima kabisa, anatafuna kidole cha mama yake. Mchungaji alikaa kwenye kiti cha wageni.

Katibu wetu ni mwalimu mstaafu, mtu wa nukta na mkato. Aliisoma barua yote, mpaka tarehe.

"Kuna mwenye neno?" akauliza.

"Neno gani tena?" mkwe wangu akasema. "Mwenyewe ameomba. Mpeni njia."

"Dada, taratibu. Twende kwa utaratibu."

"Utaratibu! Wangekuzika wewe, mwalimu, ungeuliza utaratibu?"

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mchungaji alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa nimeshika birika, nikimmiminia Fundi Vipimo, na nikaona chai imefika ukingoni, imepita ukingo, inamwagika kwenye sahani, kwenye meza, kwenye barua, na mkono wangu hauachi.

"Mama Vitambaa! Chai!"

"Utepe haukuhama," nikasema.

Walinitazama.

"Utepe wa kitabu. Kazi yangu ni kuuhamisha. Jumamosi nilikuwa napiga pasi gauni, nikajisahau. Ulikuwa kwenye maziko. Uko kwenye maziko tangu..." Sauti ilikatika, nikaitafuta. "Mchungaji hajachanganyikiwa. Kinywa chake ni kizima. Alifungua pale nilipomfungulia mimi. Nilijua siku ile ile, nikanyamaza. Na nilikudanganya, binti yangu. Niliona."

Birika nikaliweka chini. Kilichosikika ni chai tu, ikidondoka sakafuni.

Mkwe wangu alisimama. "Wewe?" Machozi yalikuwa yameshamlenga. "Siku nne nalala nimeweka mkono kifuani kwa mtoto, nawe umekaa chumba cha pili, unajua?"

"Ndiyo."

Mchungaji aliinua kichwa. "Utepe," akasema. Akasema tena, "Kumbe utepe," na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani anacheka. Alikuwa anacheka kweli, halafu hakuwa anacheka tena. Alilia pale kwenye kiti cha wageni, kwa sauti, kama mtu anayeteremsha mzigo ngazi kwa ngazi, na hakuna mzee aliyejua pa kuweka macho yake. Alilia mpaka mtoto akaacha kutafuna kidole amtazame.

"Asante, Mama," akasema alipoweza. "Lakini utepe hauna macho. Mimi ninayo. Nilisoma mstari kwa mstari, sikushtuka."

"Nani alishtuka?" Ilikuwa sauti ya Fundi Vipimo. Alikuwa anafuta chai kwa kiganja chake kinene, taratibu, akiirudisha kwenye sahani. "Sote tuliitika Amina. Kwaya wakaimba." Akapangusa kiganja kwenye suruali. "Mtoto alipoletwa mbele, kabla Mchungaji hajafungua mdomo, mimi nilimpima. Futi mbili na kidogo. Sikutaka. Macho yalikwenda yenyewe." Akamgeukia mkwe wangu. "Nisamehe, mwanangu."

Nilingoja mkwe wangu atoke. Mlango ulikuwa nyuma yake. Alimpandisha mtoto begani, akasimama muda mrefu akimpigapiga mgongo, na jua la saa kumi liliingia likamfika mtoto kwenye nywele, zile chache alizonazo.

"Mwalimu, andika," akasema hatimaye. "Mtoto hajabatizwa. Alimwagiwa maji, jina la Mungu halikutajwa juu yake. Ni kweli, si kweli?"

"Ni kweli," Mchungaji akajibu.

"Basi abatizwe Jumapili. Tena na wewe huyu huyu, Mchungaji. Simleti mwingine. Aliyemweka huko ndiye amtoe." Akafuta pua kwa mkono. "Lakini kile kitabu kifungwe. Sitaki kukiona kimefunguliwa. Nani humu hayajui maneno ya ubatizo? Tutayasema wote." Akageukia mlango bila kunitazama, kisha akarudi hatua moja. "Na gauni lina doa la maji. Lipigwe pasi."

Ndivyo alivyonisamehe, au ndivyo alivyoanza.

Katibu aliandika barua mpya, ile ya kwanza ilikuwa imelowa haisomeki. Haikusema kuacha. Ilisema kupumzika, miezi miwili, baada ya ubatizo, na wazee wakagawana ibada. "Ya kuzika je?" mmoja akauliza. "Tutazika wenyewe," Fundi Vipimo akasema. "Yeye amefanya zamu ya watu sita."

Jumapili nilipita kwenye chumba cha nyuma kwanza. Niliutoa utepe kwenye maziko. Ulikuwa umeacha alama, mstari wa rangi ya waridi katikati ya ukurasa, na nilipoufumbata mkononi ulikuwa mwepesi ajabu. Nikauweka kwenye ubatizo. Nilijua hakitafunguliwa. Niliuweka hata hivyo, kisha nikakipeleka kitabu mezani, kimefungwa.

Mchungaji alimchukua mtoto. Maji yalimwagika kiganjani mwake kabla ya kufika. Akasema, "Nakubatiza," akakwama. Tulikuwa tumepatana kusema naye, na sasa hakuna aliyesema. Tuliogopa vinywa vyetu, sote. Kimya kikaenea mpaka kwenye viti vitupu, na viti vile navyo vilikuwa kama vinasikiliza.

Mtoto ndiye aliyechoka kungoja. Akanyoosha mkono, akaukamata utepe, akautia mdomoni, akauvuta kwa nguvu zake zote. Kitabu kikateleza kikaanguka chini kwa kishindo. Mkwe wangu akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na ndani ya kicheko hicho Mchungaji akasema, "Kwa jina la Baba," nasi tukasema, "Kwa jina la Baba," akasema, "na la Mwana," na sauti zetu zikampata, zikamwinua, "na la Roho Mtakatifu," na maji yakaanguka mara tatu juu ya zile nywele chache. Alilia mjukuu wangu. Alilia kwa hasira kama mtu aliyeamshwa, na sikumbuki kusikia sauti iliyo nzuri kama ile ndani ya jengo lile.

Amina tuliisema baada ya kufungua macho.

Mchungaji aliondoka Jumatatu, akarudi miezi miwili baadaye, kola ikiwa imembana kidogo. Jumamosi hiyo nilikuwa nakunja vitambaa, utepe juu ya meza ukiwa na ncha iliyokunjamana pale ufizi wa mtoto ulipouma. Sijaupiga pasi.

"Kesho nini, Mchungaji?" nikamwuliza.

"Meza ya Bwana," akasema. "Weka utepe, Mama. Nami nitatazama."